Njia mbili hazimshindi mwanagenzi

Ukiingia jimu kwa mara ya kwanza, hata hujagusa chuma, kuna swali linalokusubiri mlangoni: unataka kupungua au unataka kujazia? Anayeuliza hana ubaya. Naye aliulizwa hivyo hivyo siku yake ya kwanza. Ukijibu kwamba unataka vyote viwili, kitambi kishuke na kifua kipande, utaona tabasamu la mtu anayemhurumia mgeni, kisha utapewa methali. Mshika mbili moja humponyoka. Kama kuna mwingine anayepumzika kwenye benchi jirani, atakuongezea ile ya fisi na njia mbili. Halafu unapangiwa ratiba: miezi mitano au sita ya kula mpaka ushindwe ili mwili ujae, ikifuatiwa na miezi mitatu ya njaa ili mafuta yakatike.

Niliwahi kuifuata ratiba hiyo. Nilipanda kilo tisa, na kwa nilivyojiona kwenye kioo, kifua kilichukua mbili, tumbo likachukua saba. Kocha aliniambia nisijali, ndivyo ujenzi ulivyo. Sikujali. Nilikuja kujali wakati wa kuzipunguza, kwa sababu zile mbili za kifua ndizo zilizokuwa na haraka ya kuondoka.

Methali hizo mbili ni za kweli, ila hazikutungwa kwa ajili ya mwanagenzi. Utaratibu wa kujaza kwanza na kukata baadaye ni wa washindani wa kutunisha misuli, watu ambao miili yao imeshatoa karibu kila kilichokuwemo. Mtu aliyenyanyua vyuma kwa miaka minane, tena mwenye mafuta machache mwilini, hana budi kuchagua. Kila gramu ya nyama anayoiongeza sasa anaipigania. Lakini aliyeanza Jumatatu iliyopita, mwenye mafuta ya kutosha kiunoni na misuli ambayo haijawahi kudaiwa kazi yoyote, yuko katika hali nyingine kabisa. Kumpa ratiba ya yule wa kwanza ni kumnywesha dawa ya jirani.

Tuanze na hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kilokalori 7,700. Mchukue mtu wa kilo 80 ambaye robo ya uzito wake ni mafuta. Ana kilo 20 za mafuta, yaani zaidi ya kilokalori 150,000 zilizowekwa akiba. Kama anatumia 2,400 kwa siku, hiyo ni akiba ya miezi miwili. Sasa tazama upande wa pili. Katika kilo moja ya misuli, karibu robo tatu ni maji, na takriban sehemu moja ya tano ni protini. Haihitaji bahari ya kalori kama tunavyoaminishwa. Mtu mwenye akiba ya 150,000 haambiwi kwamba hana nishati ya kujengea kilo moja au mbili za misuli katika miezi mitatu. Nishati anayo, anatembea nayo, ndiyo inayombana suruali.

Anachokosa ni vitu vingine viwili. Cha kwanza ni malighafi. Wapo wanaoamini kwamba mafuta ya tumboni yanaweza “kugeuzwa” misuli kwa mazoezi, hayawezi. Misuli hujengwa kwa asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, na asidi amino zina nitrojeni, kitu ambacho mafuta hayana. Mafuta yanaweza kulipia kibarua, lakini tofali halifyatuliwi kwa noti. Na mwili hauna ghala la kuhifadhia protini kama lile la mafuta. Ghala lake ni misuli yenyewe, kwa hiyo protini ikikosekana kwenye chakula, mwili hubomoa ukuta ili kupata tofali. Cha pili ni agizo. Misuli haikui kwa kulishwa tu. Hukua ikipewa kazi inayoishinda kidogo, tena na tena.

Wanaopinga wana hoja, na si ya kijiweni tu. Mwili ukipungukiwa nishati, kasi ya kutengeneza protini mpya ndani ya misuli hushuka. Utafiti wa José Areta na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachukua vijana waliozoea vyuma na kuwapunguzia chakula kwa siku 5 tu. Kasi hiyo ilishuka kwa asilimia 27. Takwimu hii hunukuliwa sana, na wengi wakishaifikia hufunga kitabu. Utafiti wenyewe uliendelea. Vijana wale wale, wakiwa bado na upungufu wa chakula, walipofanya zoezi moja la vyuma, kasi ilirudi pale ilipokuwa walipokuwa wakila vya kutosha na kupumzika. Walipoongezewa gramu 30 za protini baada ya zoezi, ikapanda juu zaidi ya hapo. Njaa, kwa maneno mengine, hupunguza sauti ya ujenzi. Chuma na protini huipandisha tena.

Mwaka 2016 likaja jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lilitakiwa kuufunga mjadala huu kwa upande wa wanaoanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi, wakawapunguzia chakula kwa asilimia 40 kwa wiki 4, na kuwafanyisha mazoezi makali siku 6 kwa wiki. Nusu yao walikula gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, nusu nyingine gramu 2.4. Kundi la protini kidogo lilipoteza kilo 3.5 za mafuta na kubaki na misuli yake ilivyokuwa. Kundi la protini nyingi lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za mwili usio na mafuta. Katika mwezi mmoja, tena mwezi wa njaa kali, walishika mbili na hakuna iliyowaponyoka.

Naujua vilevile jinsi utafiti huo unavyotumiwa vibaya. Wauzaji wa “siku 30 za mabadiliko” wanaupenda kuliko mtu mwingine yeyote. Hawasemi kwamba chakula cha vijana wale kilikuwa kikipimwa na kuandaliwa na watafiti, kwamba mazoezi yalisimamiwa, kwamba “mwili usio na mafuta” ni pamoja na maji, wala kwamba vijana wenyewe walikuwa wanahesabu siku za kumaliza. Mtu mwenye kazi, watoto na usingizi wa mang’amung’amu akijaribu kupunguza asilimia 40 ya chakula chake peke yake nyumbani, mara nyingi huwa ameacha kabla ya wiki ya tatu, na wiki ya nne anakula kwa kulipiza kisasi.

Ndiyo maana matokeo yaliyokusanywa na Chaise Murphy na Karsten Koehler yananigusa zaidi kuliko jaribio lolote moja. Walichambua tafiti nyingi za watu waliofanya mazoezi ya vyuma huku wakipungukiwa chakula, na wakaona mambo mawili. Nguvu iliongezeka bila kujali upungufu. Misuli ndiyo iliyojali: kadiri upungufu ulivyokuwa mkubwa ndivyo ongezeko lilivyopungua, na kwa wastani likafika sifuri upungufu ulipokaribia kilokalori 500 kwa siku. Huo ni wastani, na ndani ya wastani mna watu wazima waliokula protini kidogo pamoja na vijana wenye afya ya chuma. Haupingani na wale wa McMaster. Unachotuambia ni kwamba wao walikuwa na kila kitu upande wao, na wengi wetu hatuna.

Kwa hiyo nikiulizwa na anayeanza apunguze kiasi gani, jibu langu huwakera watu: kidogo. Kilokalori 200 au 300 chini ya anachotumia, kama ana kitambi cha kawaida. Mwenye mafuta mengi zaidi anaweza kwenda mbali kidogo bila kuumia, kwa sababu akiba yake inatoa zaidi kila siku. Yule mwembamba wa mikono mwenye kitambi kidogo, ambaye kila mtu humshauri tofauti, simpunguzii kitu. Ale kiasi kile kile anachotumia, abadilishe kilichomo sahanini, anyanyue, na asubiri. Huyu akipunguza chakula atakuwa mwembamba zaidi na kitambi chake kidogo zaidi, basi, sura ile ile kwa kipimo cha chini. Akijazia ndiyo yale yaliyonipata mimi.

Kasi ina ushahidi wake pia. Ina Garthe na wenzake, huko Norway, mwaka 2011 waliwagawa wanamichezo wa kiwango cha juu katika makundi mawili: moja lipungue kwa asilimia 0.7 ya uzito kwa wiki, lingine kwa asilimia 1.4. Wote walinyanyua vyuma. Waliokwenda polepole waliongeza mwili usio na mafuta kwa asilimia 2.1 huku mafuta yakipungua. Waliokimbia hawakuongeza chochote cha maana. Kwa mtu wa kilo 80, kasi ile ya polepole ni kama nusu kilo kwa wiki. Na hao walikuwa wanamichezo waliokwisha kukomaa, watu ambao kwa kanuni ya jimu ndio hasa wasioweza. Sasa aliyeanza Jumatatu anazuiwa kwa hoja gani?

Nimefika kwenye mizani, ambayo kwangu ndiyo adui mkubwa wa mwanagenzi kuliko hata wali wa usiku. Mizani haidanganyi, ila imeulizwa swali lisilo lake. Tuseme katika miezi mitatu mtu amepoteza kilo 3 za mafuta na kupata kilo 2 za misuli. Mizani itamwonyesha kilo moja. Miezi mitatu ya jasho, kilo moja! Wengi huachia hapo. Lakini mafuta ni mepesi na hujaza nafasi kubwa, misuli ni mizito na hujikusanya: kilo 3 za mafuta zilikuwa zimechukua zaidi ya lita 3 za mwili, na kilo 2 za misuli zimechukua chini ya lita 2. Mwili umesinyaa kwa karibu lita moja na nusu, mkanda umerudi tundu zima, na mwenye mwili amekata tamaa kwa sababu ya namba moja kwenye kioo cha mizani.

Wiki za mwanzo ni mbaya zaidi. Misuli iliyoanza kufanya kazi hujiwekea glikojeni zaidi, yaani wanga wa akiba, na kila gramu ya glikojeni hushikana na takriban gramu 3 za maji. Ongeza na maji yanayojaa kwenye misuli iliyochubuka kwa mazoezi mapya, yale maumivu ya kushuka ngazi kama mzee. Mtu anaweza kupanda kilo moja au mbili katika siku 15 za kwanza huku akipoteza mafuta kweli kweli. Nimeona watu wakipunguza chakula zaidi katika wiki hiyo hiyo, wakiadhibu mwili kwa kosa la kufanya kile walichouambia ufanye.

Mizani za kisasa zinazotuma umeme kidogo miguuni na kukuandikia asilimia ya mafuta hazisaidii sana katika hili. Zinakisia kutokana na maji ya mwilini, na maji ndiyo yanayobadilika kila saa. Kunywa chupa mbili, pima tena, utakuta ni mtu mwingine. Kinachosaidia ni utepe wa fundi cherehani: zungusha kiunoni usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Pamoja nao, daftari la mazoezi. Kiuno kikishuka na vyuma vikipanda, kazi inafanyika, mizani iseme itakavyo. Kiuno kikisimama na vyuma vikipanda, unakula kupita kiasi kidogo. Vyote viwili vikishuka, umejinyima sana au hulali. Sijui kipimo cha bei kubwa kinachoeleza zaidi ya hapo kwa mtu wa mwaka wa kwanza.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana kelele ni nyingi kuliko jambo lenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, ukijumuisha tafiti 49 za mazoezi ya vyuma, ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini kwa wastani huishia karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Anayepungukiwa chakula ana sababu ya kupanda juu kidogo ya hapo. Kwa mtu wa kilo 80 hiyo ni kama gramu 130. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo kifungua kinywa cha mayai mawili hakijakufikisha popote, hata kama umekipiga picha. Nyama ya kuku isiyo na ngozi, ikishapikwa, hutoa takriban gramu 30 kwa kila gramu 100. Samaki haachwi mbali. Maharage na dengu hutoa pia, ila huja na wanga wake. Poda ya protini ni chakula kilichosagwa, haina muujiza wala sumu. Mwenye uzito mkubwa sana apige hesabu kwa uzito anaoulenga, la sivyo atajikuta anatafuta gramu 220 kwa siku. Na mwenye ugonjwa wa figo, au mwenye kisukari anayetumia insulini, aanzie kwa daktari wake kabla ya kugusa hesabu yoyote niliyoandika hapa.

Kuna ugumu mmoja ambao hatupendi kuusikia. Watu hatujui tunakula kiasi gani. Mwaka 1992 watafiti nchini Marekani waliwachunguza watu 10 walioamini kwamba miili yao imegoma kupungua hata wakila kidogo. Miili haikuwa imegoma. Walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika, na wakikadiria mazoezi yao kwa nusu zaidi ya waliyofanya. Hawakuwa waongo, ndivyo macho ya mwenye njaa yanavyopima kijiko. Kwa hiyo anayeanza apime chakula chake kwa wiki mbili tatu, si maisha yote, apate kujua kijiko chake cha mafuta ya kupikia kina ukubwa gani hasa.

Mazoezi yenyewe ndipo ninapotamani watu wangetumia nusu ya muda wanaotumia kubishana kuhusu chakula. Mwanagenzi hahitaji siku ya kifua, siku ya mgongo na siku ya mkono wa kulia. Anahitaji mara tatu kwa wiki, mwili mzima, kwa mienendo michache inayogusa misuli mikubwa: kuchuchumaa na kuinuka, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kusukuma, kuvuta. Seti mbili tatu kwa kila zoezi, yaani raundi za marudio mfululizo, na uzito ambao marudio ya mwisho yanakufanya ufikiri. Namba ya marudio si amri. Misuli hukua kwa marudio 6 na hukua kwa 20, mradi mwisho wa seti uwe karibu na mwisho wa uwezo. Asiye na vyuma aanze na pushapu za magoti na kuchuchumaa kwa mguu mmoja akishikilia kiti. Misuli haijui bei ya kifaa.

Halafu aandike. Leo kilo 30 mara 8. Alhamisi kilo 30 mara 9. Huo ndio mchezo wote, na unachosha, na kwa sababu unachosha watu hubadilisha programu kila wiki mbili wakitafuta inayosisimua. Anayebadilisha kila mara hujihisi anajifunza sana, kwani kila zoezi jipya huleta maumivu mapya, lakini maumivu ni dalili ya ugeni tu.

Ajue pia kwamba nguvu itakuja kabla ya umbo. Toshio Moritani na Herbert deVries walionyesha tangu mwaka 1979 kwamba ongezeko la nguvu katika wiki za mwanzo hutokana zaidi na neva: ubongo unajifunza kuiita misuli yote kazini kwa pamoja. Misuli yenyewe huchukua usukani baadaye. Ukiwa wiki ya nne umeongeza uzito mara mbili na mikono inaonekana ile ile, hujaibiwa.

Wanawake huniambia wanaogopa kujaa kama wanaume. Ningetamani vyuma viwe na nguvu hiyo. Wanaume wengi wanakutafuta kujaa huko kwa miaka na hawakupati. Kwa uwiano wa pale wanapoanzia, wanawake huongeza misuli karibu sawa na wanaume, lakini wanaanzia chini na homoni zao haziwapeleki huko wanakokuogopa. Na wazee wanaoambiwa muda wao umepita, mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwapa vyuma wakazi 10 wa nyumba ya wazee wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Katika wiki 8 nguvu ya miguu yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya paja ikaongezeka kwa asilimia 9. Umri wa wanagenzi wale haukuwazuia kuwa wanagenzi.

Usingizi nilikuwa nauona kama nasaha za bibi hadi niliposoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wa mwaka 2010. Watu 10 wenye uzito uliozidi walipunguziwa chakula kwa kiasi kile kile mara mbili, siku 14 kila mara. Mara moja wakipewa nafasi ya kulala saa 8.5, mara nyingine saa 5.5. Uzito uliopotea ulikuwa karibu sawa, kama kilo 3. Lakini waliolala vya kutosha walipoteza kilo 1.4 za mafuta, na waliokesha kilo 0.6 tu, kilichobaki kilitoka kwenye mwili usio na mafuta. Mizani ilisema ni sawa. Ndiyo mizani hiyo.

Hofu ya kwamba kukimbia kunaua misuli nayo ina asili yake. Mwaka 1980 Robert Hickson aliwafanyisha watu vyuma na mbio pamoja kwa wiki 10, na ilipofika kama wiki ya 7 nguvu zao zikaacha kupanda, kisha zikaanza kushuka. Ni mshika mbili mwingine huyo. Ila ukisoma mzigo aliowabebesha, karibu kila siku ya wiki, na kwa makali ya kutapika, unaelewa kwamba aliyekuwa na tatizo ni mzigo. Kutembea kwa miguu dakika 40 hakujawahi kumla mtu misuli, na kunasaidia moyo, jambo ambalo wapenda vyuma tunalisahau mpaka tukutane na ngazi.

Hoja ya kufanya mazoezi ya tumbo mara mia ili kitambi kiondoke sitaichelewesha. Mwaka 1971 wachezaji wa tenisi walipimwa mikono yote miwili, ule unaoshika raketi kwa maelfu ya saa na ule unaoning’inia. Unaoshika raketi ulikuwa na misuli mikubwa zaidi. Unene wa mafuta ya chini ya ngozi ulikuwa sawa. Mafuta hutoka mwilini kwa foleni ambayo mwenye mwili haipangi, na kwa wanaume wengi tumbo liko mkiani mwa foleni. Hata ile kauli kwamba misuli mipya itakuchomea mafuta ukiwa umelala imetiwa chumvi: kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia takriban kilokalori 13 kwa siku. Kilo mbili ulizozihangaikia miezi mitatu zinakulipa 26, chini ya nusu ya yai.

Mlango huu haukai wazi milele. Kwa wengi miezi sita hadi mwaka ndiyo ya mavuno mepesi. Baadaye daftari linaanza kuonyesha uzito ule ule wiki tatu mfululizo, kiuno kimeshafika mahali ambapo kila sentimita inadai njaa, na usingizi na protini havina tena cha kurekebisha. Aliyefika hapo si mwanagenzi tena. Yeye sasa ana sababu ya kusimama njia panda na kuuliza kipi kwanza, na ile ratiba aliyopewa siku ya kwanza mlangoni inaweza kumfaa, kwa kiasi. Kupanda kilo tisa bado sioni kwamba kunamfaa mtu yeyote.

Kuna kundi moja ambalo kwake mlango hufunguka mara ya pili: waliowahi kujenga wakaacha. Watafiti wa Oslo mwaka 2010 waliona kwa panya kwamba viini vya seli vinavyoongezeka misuli inapokua havipotei misuli inaposinyaa kwa kukosa kazi. Vinabaki humo vikingoja. Kwa binadamu ubishi juu ya viini hivyo bado unaendelea, lakini jambo lenyewe wanaolijua ni wengi: aliyeacha miaka miwili mitatu, akirudi, hupata kwa wiki alichokipata awali kwa miezi. Huyo naye akija na kitambi chake kipya akiwa na daftari la zamani mkononi, asiulizwe kama anataka kupungua au kujazia. Apewe chuma chepesi kidogo kuliko anachokikumbuka, kwa sababu misuli itarudi haraka, na kano zake hazitakuwa na haraka hiyo.